Kuichambua namba kubwa hatua kwa hatua: mfano wa 720,720

Namba yoyote kubwa ina sifa nyingi, na karibu zote zinatoka sehemu moja: vigawo tasa vyake. Ukishaivunja namba mpaka ukabaki na namba tasa tupu, kazi kubwa imekwisha. Ina vigawo vingapi, jumla ya vigawo hivyo ni ngapi, ni namba mraba au siyo, inagawanyika kwa nini na haigawanyiki kwa nini: yote hayo unayasoma kwenye mstari mmoja. Wanaohangaika ni wale wanaolishughulikia kila swali kivyake, wakianza upya kila mara.

Mwongozo huu unatumia namba moja tu, 720,720, yaani laki saba na elfu ishirini, mia saba na ishirini. Nimeichagua kwa sababu ni namba tajiri, na hesabu zake zote zinafanyika kwa kalamu na karatasi. Kikokotoo cha simu kiwe cha kuhakiki tu. Ukiimaliza, chukua namba yako yoyote uipitishe njia hiyohiyo.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kigawo cha namba ni namba nzima inayoigawa bila baki, kwa mfano 4 ni kigawo cha 12. Kigawe ni kinyume chake: 12 ni kigawe cha 4. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Moja yenyewe si tasa. Kipeo ni ile namba ndogo ya juu inayoonyesha kitu kimezidishwa kwa chenyewe mara ngapi, kwa hiyo 2⁴ ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Mahali pengine hata jibu lenyewe, kama hiyo 16, nitaliita kipeo cha 2.

Hatua ya kwanza: itazame kabla hujaigawa

Wengi wakipewa namba kubwa hukimbilia kugawa kwa 2, tena kwa 2, tena kwa 2. Hakuna ubaya, ila nusu dakika ya kutazama inaweza kukuokolea nusu ukurasa wa hesabu.

Tazama: 720,720 inarudia kundi lilelile la tarakimu tatu. Ni 720,000 jumlisha 720, kwa hiyo ni 720 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Zidisha uone: 7 × 11 ni 77, na 77 × 13 ni 1,001. Maana yake ni kwamba namba yoyote ya sura hiyo, iwe 345,345 au 908,908, lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Vigawo vitatu ambavyo kwa kawaida ndivyo vinavyosumbua watu umevipata bure, kabla ya kugawa chochote.

Ujanja huu una umbo pana zaidi linalofaa kwa namba yoyote. Igawe namba katika makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu. Kwa 2,436,559 utapata 559 − 436 + 2 = 125. Kwa kuwa 125 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13, basi 2,436,559 nayo haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Kwa namba yetu, 720 − 720 = 0, na sifuri inagawanyika kwa zote. Ikumbuke hiyo 2,436,559, tutakutana nayo tena.

Hatua ya pili: ivunje mpaka zibaki namba tasa

Kilichobaki ni 720. Hiyo ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6, na ukikusanya vigawo tasa vyake unapata 2⁴ × 3² × 5. Ukiunganisha na 1,001:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Asiyeuona ujanja wa 1,001 atafika palepale kwa ngazi ya kawaida tuliyofundishwa shule ya msingi: 720,720 kwa 2 ni 360,360, kwa 2 ni 180,180, kwa 2 ni 90,090, kwa 2 ni 45,045. Hapo 2 imeisha. Kwa 3 ni 15,015. Kwa 3 ni 5,005. Kwa 5 ni 1,001. Kwa 7 ni 143, kwa 11 ni 13, na 13 ni tasa.

Hakiki vipeo kwa kanuni za kugawanyika. Kwa 16 tazama tarakimu nne za mwisho: 0720 ni 16 × 45, sawa. Kwa 32 tazama tano za mwisho: 20,720 kwa 32 inaacha nusu, kwa hiyo 2⁵ haimo. Jumla ya tarakimu ni 7 + 2 + 0 + 7 + 2 + 0 = 18, hivyo 9 imo. Tarakimu mbili za mwisho ni 20, kwa hiyo 25 haimo.

Sasa, hii ilikuwa namba laini. Namba nyingi hazivunjiki hivi, na ni vyema ujue la kufanya zikigoma. Wachukue majirani wawili, 720,719 na 720,721. Kabla ya kugawa, fikiri: 720,720 inagawanyika kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Ukipunguza au kuongeza 1, kila mojawapo itaacha baki. Namba tasa sita za kwanza zimetoka mchezoni, unaanza moja kwa moja na 17.

Kwa 720,719, jaribu 17, 19, 23, 29, zote zinaacha baki. 31 inaingia: 720,719 = 31 × 23,249. Endelea na 23,249 ukianzia palepale 31, hakuna haja ya kurudi nyuma. Utafika 67: 23,249 = 67 × 347. Je, 347 ni tasa? Kipeuo chake cha pili ni 18 na kitu, nasi tumeshajaribu namba tasa zote hadi 67. Ni tasa. Kwa hiyo 720,719 = 31 × 67 × 347.

Kwa 720,721 utatembea zaidi, hadi 71: 720,721 = 71 × 10,151. Kipeuo cha pili cha 10,151 ni 100 na kidogo, kwa hiyo zimebaki za kujaribu sita tu: 71, 73, 79, 83, 89 na 97. Hakuna inayoingia, basi 10,151 ni tasa.

Hiyo ndiyo kanuni ya kusimama: usijaribu kigawo kilicho kikubwa kuliko kipeuo cha pili cha namba iliyobaki. Kama namba ina vigawo viwili, vyote viwili haviwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, maana zao lao lingeizidi namba yenyewe. Na kila unapopata kigawo, mpaka huo unashuka.

Hatua ya tatu: hesabu vigawo bila kuviorodhesha

Kila kigawo cha 720,720 kinatengenezwa kwa kuchagua. Unachagua 2 ziwe ngapi: hakuna, moja, mbili, tatu au nne. Hizo ni njia 5. Unachagua 3 ziwe ngapi: njia 3. Kwa 5, 7, 11 na 13, ama ipo ama haipo, njia 2 kila moja. Zidisha:

5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240

Kanuni fupi: ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha. Ukitaka kuiamini ijaribu kwa 12, ambayo ni 2² × 3: 3 × 2 = 6, na kweli vigawo vyake ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12.

Linganisha na majirani. 720,719 ina vigawo 8. 720,721 ina vinne tu: 1, 71, 10,151 na yenyewe. Namba tatu zinazofuatana, moja ina 240 na mwenzake ana 4. Ukubwa wa namba haukuambii lolote kuhusu wingi wa vigawo vyake.

Njia hiyohiyo ya kuchagua inajibu maswali mengine papo hapo. Vigawo witiri ni vile visivyochukua 2 hata moja: 3 × 16 = 48. Vilivyobaki, 192, ni shufwa. Vigawo ambavyo ni namba mraba lazima vichukue vipeo shufwa tu, kwa hiyo 2 ziwe 0, 2 au 4, na 3 ziwe 0 au 2: vipo sita, yaani 1, 4, 9, 16, 36 na 144.

Hatua ya nne: jumla ya vigawo, na tabaka la namba

Kwa kila namba tasa, jumlisha vipeo vyake vyote kuanzia 1, kisha zidisha majibu:

- kwa 2: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31
- kwa 3: 1 + 3 + 9 = 13
- kwa 5, 7, 11, 13: 6, 8, 12, 14

31 × 13 ni 403. 6 × 8 ni 48, 12 × 14 ni 168, na 48 × 168 ni 8,064. Mwisho, 403 × 8,064 = 3,249,792. Hiyo ndiyo jumla ya vigawo vyote 240. Ukiitoa namba yenyewe unabaki na 2,529,072, ambayo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya 720,720.

Wagiriki wa kale waligawa namba kwa kipimo hiki. Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika karibu mwaka 100 BK, alitenga makundi matatu: pungufu, ambazo jumla ya vigawo vyake vidogo haifikii namba yenyewe, kamilifu, ambazo jumla inalingana sawasawa, na zilizozidi. Kamilifu ni adimu sana: 6, 28, 496 na 8,128 ndizo nne za kwanza. Yetu imezidi, na kwa mbali. Tena ungeweza kulijua hilo bila hesabu yoyote, maana kila kigawe cha namba kamilifu, ukiiacha hiyo kamilifu yenyewe, lazima kizidi. 720,720 ni kigawe cha 6, basi.

Hatua ya tano: je, ni bingwa?

Hapa ndipo 720,720 inapojitenga na umati. Hakuna namba yoyote ndogo kuliko hiyo yenye vigawo 240 au zaidi. Mwaka 1915 Srinivasa Ramanujan, akiwa Cambridge, alichapisha utafiti mrefu kuhusu namba za aina hii, zile zinazozipita kwa vigawo namba zote zilizo chini yake. Mimi huziita mabingwa. Za mwanzo unazifahamu bila kujua ni mabingwa: 12, 24, 60, 360. Si ajabu kwamba dazeni ina 12, siku ina saa 24, saa ina dakika 60 na duara lina digrii 360. Ukitaka kugawana kitu kwa njia nyingi bila vipande, namba hizi ndizo zinazofaa. Plato naye, alipopanga mji wake wa kufikirika, aliwapangia wenye ardhi wawe 5,040, na sababu aliyoitoa ni vigawo: inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10. Hiyo 5,040 pia ni bingwa, na inaingia ndani ya yetu mara 143 kamili, yaani 11 × 13.

Utatambuaje bingwa? Ramanujan alionyesha sharti la kwanza: lazima itumie namba tasa ndogo kabisa kwa mfululizo bila kuruka, na vipeo visipande unapoelekea kulia. Vipeo vyetu ni 4, 2, 1, 1, 1, 1, safi kabisa. Sababu ni uchumi tu. Ukibadilisha 13 kwa 17 idadi ya vigawo haiongezeki, lakini namba inakua: 55,440 × 17 = 942,480 ina 240 vilevile, ila imepatikana kwa gharama kubwa zaidi.

Sharti hilo halitoshi, inabidi ulinganishe na washindani. 665,280 ni 2⁶ × 3³ × 5 × 7 × 11: 7 × 4 × 2 × 2 × 2 = 224. 554,400 ni 2⁵ × 3² × 5² × 7 × 11: 216. Na 510,510, ambayo ni 510 × 1,001, ni namba ndogo kabisa yenye namba tasa saba tofauti, kuanzia 2 hadi 17. Mtu angedhani itashinda kwa kuwa na aina nyingi. Ina 128 tu, zaidi kidogo ya nusu ya yetu, kwa sababu kila kipeo ni 1. Bingwa hupatikana kwa mizani kati ya aina na vipeo. Na anayemfuata yetu ni 1,081,080, mwenye vigawo 256. Kwa hiyo chini ya milioni moja hakuna anayepita 240. Wapo wanne wanaofikia kiwango hicho juu ya 720,720: 831,600, 942,480, 982,800 na 997,920.

Hatua ya sita: kigawe kidogo cha shirika

Wanafunzi wanaijua KDS, yaani namba ndogo kabisa ambayo ni kigawe cha namba zote ulizopewa, kama kero ya kujumlisha sehemu. KDS ya namba zote kuanzia 1 hadi 16 ni 720,720. Inatosha kuangalia kipeo kikubwa cha kila namba tasa kisichozidi 16: 16 yenyewe kwa 2, 9 kwa 3, kisha 5, 7, 11, 13. Huo ndio mstari wetu. Ukiongeza 17 unalazimika kuzidisha kwa 17, na KDS inaruka hadi 12,252,240.

Kwa hiyo anayejumlisha 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea hadi 1/16 anahitaji asili ya 720,720, na jibu ni 2,436,559/720,720, yaani 3.38 hivi. Je, sehemu hiyo inarahisishwa? Kiasi kinaishia na 9, basi 2 na 5 haziingii. Jumla ya tarakimu zake ni 34, basi 3 haiingii. Na 7, 11 na 13 tulishazikataa kwa pamoja kwenye hatua ya kwanza. Imeshafika mwisho wa kurahisishwa.

Hatua ya saba: miraba

Namba ni mraba kama vipeo vyake vyote ni shufwa. Yetu ina 4 na 2, lakini pia ina 1 mara nne, kwa hiyo siyo. Ili iwe mraba izidishe kwa vilivyokosa mwenza: 5 × 7 × 11 × 13 = 5,005. Unapata 3,607,203,600, ambayo ni 60,060 × 60,060.

Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 848 na 849. Tazama kinachotokea ukichukua cha juu: 849² = 720,801. Toa 720,720, unabaki na 81, ambayo ni 9². Kwa hiyo

720,720 = 849² − 9² = (849 − 9) × (849 + 9) = 840 × 858

Hii ni njia ya Pierre de Fermat ya kuvunja namba: anzia kipeuo, panda moja moja, na kila mara uliza kama tofauti ni mraba. Inafaa pale vigawo viwili vinapokaribiana. Yetu imekubali kwenye jaribio la kwanza. Fermat aliitumia kuvunja 2,027,651,281: kipeuo chake kimepita 45,029 kidogo, basi unaanzia 45,030, na kwenye jaribio la 12, yaani 45,041, tofauti inakuwa 1,020². Majibu ni 44,021 × 46,061. Kwa kugawa namba tasa moja moja ungejaribu maelfu kabla ya kufika hapo. Lakini vigawo vikiwa mbalimbali, njia hii inageuka mateso.

Je, 720,720 inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Kanuni inasema kila namba tasa inayoacha baki 3 ikigawanywa kwa 4 lazima iwe na kipeo shufwa. Zetu za aina hiyo ni 3, 7 na 11. Tatu ina kipeo 2, haina shida. Saba na kumi na moja zina kipeo 1. Haiwezekani. Miraba mitatu je? Toa 4 zote ndani ya namba: inabaki 45,045. Igawanye kwa 8. Baki ingekuwa 7 tungekwama, hiyo ni kanuni ya Legendre ya mwaka 1798. Baki ni 5, basi inawezekana: 848² + 40² + 4² = 719,104 + 1,600 + 16.

Hatua ya nane: namba zisizoshirikiana nayo

Kati ya 1 na 720,720, ni ngapi ambazo hazina kigawo cha pamoja na namba yetu isipokuwa 1? Kwa kila namba tasa chukua kipeo chake kizima, kisha toa kipeo kilicho chini yake kwa ngazi moja: 16 − 8 = 8, 9 − 3 = 6, 5 − 1 = 4, halafu 6, 10 na 12. Zao lake ni 138,240, karibu 19 kwa kila 100. Kwa 720,721 hesabu ni 70 × 10,150 = 710,500, karibu zote. Hesabu hii ndiyo moyo wa usimbaji wa RSA unaolinda mawasiliano ya intaneti, ingawa huko hutumika namba za mamia ya tarakimu zenye vigawo tasa viwili tu.

Hatua ya tisa: tenganisha sifa za namba na sifa za maandishi yake

Yote tuliyofanya kuanzia hatua ya tatu ni kweli hata ukiiandika namba kwa mawe. Zipo sifa nyingine zinazotegemea kwamba tunaandika kwa tarakimu kumi. Tovuti nyingi huzichanganya, na ndipo msomaji anapoamini kila kitu kina uzito sawa.

Jumla ya tarakimu ni 18, na 720,720 ÷ 18 = 40,040. Namba zinazogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake alizishughulikia D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko India. Inafurahisha, lakini badilisha mfumo wa kuandika na huenda sifa ikapotea.

Kwa 0 na 1, gawanya kwa 2 mfululizo ukiandika mabaki kutoka kulia: 1010 1111 1111 0101 0000. Zile sifuri nne za mwisho si bahati, ni ile 2⁴. Ziondoe, na kilichobaki, 1010111111110101, kinasomeka sawa mbele na nyuma. Hilo ni pambo la maandishi. Kwa mfumo wa 60 wa Wababeli ingekuwa 3, 20, 12, 0, na hapo pana faida ya kila siku: sekunde 720,720 ni saa 200 na dakika 12 kamili.

Mahali ambapo maandishi na namba vinakutana kweli ni kwenye desimali. 1 ÷ 720,720 = 0.0000 013875 013875 013875… Kwa nini kuna tarakimu nne kabla ya kuanza kujirudia? Kwa sababu ya kipeo kikubwa kati ya cha 2 na cha 5, yaani 4. Kwa nini zinajirudia sita sita? Kwa sababu 999,999, ambayo ni 999 × 1,001, ndiyo namba ya kwanza ya 9 tupu inayogawanyika kwa 9, 7, 11 na 13 zote pamoja.

Namba yako ikiwa kubwa kuliko hii

Mpaka tarakimu saba au nane, karatasi inatosha ukiwa na subira. Zaidi ya hapo tumia kompyuta, ila chagua chombo. Excel hushika tarakimu 15 tu za mwanzo, zinazofuata inazigeuza sifuri bila kukuambia, kwa hiyo usiitumie kupima kugawanyika kwa namba ndefu. Kikokotoo cha simu nacho kikianza kuonyesha herufi E, kimeshakata tarakimu. Python inashika namba nzima za urefu wowote, na kwenye Linux ipo amri iitwayo factor: andika factor 720720 na utapewa 2 2 2 2 3 3 5 7 11 13. Ukishapata mstari huo, hatua zote za juu zinaendelea kwa mkono.

Kwa mazoezi chukua 997,920 na ufunike aya hii. Majibu: 2⁵ × 3⁴ × 5 × 7 × 11, vigawo 240, jumla ya vigawo 4,390,848, namba zisizoshirikiana nayo 207,360. Ili iwe mraba izidishe kwa 770. Jumla ya tarakimu zake ni 36, nayo inaingia mara 27,720. Haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili, kwa sababu ya 7 na 11. Kwa njia ya Fermat inakubali jaribio la kwanza, kwa 9² ileile: 999² − 9² = 990 × 1,008.